Sura ya Nne: Kipindi Kisicho na Mwenyewe

Mwaka wa 2008 shule za Kenya zilipewa somo jipya la kutia kwenye ratiba: Stadi za Maisha. Kipindi kimoja kwa wiki, dakika 40 kwa shule za upili, na mtihani hakuna. Muulize leo mtu aliyesoma upili miaka hiyo alijifunza nini katika kipindi hicho. Huenda akacheka kwanza, kisha akwambie kwamba alijifunza hesabu. Au kemia. Kengele ilipolia aliingia mwalimu wa somo jingine, chaki mkononi, silabasi yake imechelewa, akaanza pale alipoachia jana. Mwalimu ambaye jina lake lilikuwa kwenye ratiba hakulalamika, maana alipewa kipindi hicho kujazia idadi ya vipindi vyake tu, na yeye pia alikuwa na silabasi yake ya kukimbizana nayo. Mwalimu mkuu hakulalamika kwa sababu shule yake ilipangwa nafasi kwa matokeo ya mtihani wa taifa wa KCSE. Wanafunzi ndio kabisa. Nani alalamikie hesabu za ziada mwaka wa mtihani?

Ukisimulia hayo kwa watu wa elimu, jibu la haraka ni kwamba basi somo litahiniwe, litaheshimiwa. Kenya imeshapita njia hiyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, shule za upili zilikuwa na somo la Elimu ya Jamii na Maadili, ambalo waliolisoma wanalikumbuka kwa herufi zake tatu za Kiingereza, SEE. Lilikuwa na vitabu, lilikuwa na karatasi ya mtihani, na lilikuwa na wanafunzi waliolichagua kwa sababu lilisemekana kuwa jepesi. Walikariri maana ya uadilifu, aina za uadilifu na manufaa ya uadilifu, wakapata alama zao nzuri. Mtaala ulipofanyiwa marekebisho mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo likaondolewa, na sikumbuki kusikia maombolezo. Mtihani ulilipa heshima, nayo heshima ikaligeuza kuwa orodha ya maneno ya kukariri. Mtoto aliyeweza kutaja sababu nne za vijana kutumia dawa za kulevya hakuwa amewahi kuulizwa angefanya nini rafiki yake wa bweni akimpa msokoto saa nne ya usiku.

Na si kwamba maarifa yenyewe hayapo shuleni. Yamejaa tele. Hisabati ya kidato cha tatu ina mada nzima ya hesabu za biashara: riba rahisi, riba mchanganyiko, kununua kitu kwa malipo ya mafungu, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Baiolojia ya kidato hicho hicho ina uzazi, ingawa safari yake huanzia kwenye kugawanyika kwa seli, ikapitia maua, uchavushaji na mbegu, na mwanadamu akafikiwa wakati muhula unakaribia kuisha. Elimu ya Dini ya Kikristo ya kidato cha nne inazungumzia ndoa, kazi, starehe, mali na umaskini. Sayansi Kimu ina lishe na bajeti ya nyumbani, kwa waliolichagua somo hilo. Ukivikusanya vipande hivi unapata karibu kila kitu ambacho kijana wa miaka 16 anahitaji kukijua. Lakini hakuna wa kuvikusanya. Mwalimu wa hisabati anafundisha riba ya sofa iliyonunuliwa kwa mafungu na hagusi mkopo wa simu. Wa baiolojia anachora mirija ya uzazi na hagusi mvulana wa boda boda anayesubiri kwenye lango la shule. Wa dini anafundisha ndoa kama jambo la watu wazima. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye atakayesema.

Uingereza, iliyo na fedha na walimu wengi kuliko sisi, haijatatua fumbo hili pia. Kule somo la nafsi, jamii, afya na uchumi lina jina lake na limefundishwa kwa miongo kadhaa, lakini kwa muda mrefu kila shule ililifanya ilivyopenda. Ni Septemba 2020 ndipo elimu ya mahusiano, ya jinsia na ya afya ilipokuwa ya lazima katika shule za upili za England. Ile sehemu ya uchumi iliachwa nje ya sharti hilo. Wabunge walibishana miaka mingi kuhusu mzazi kumtoa mtoto darasani wakati wa elimu ya jinsia. Kuhusu madeni, ambayo hayana dini wala hayamwonei mtu haya, sauti zilikuwa chache zaidi.

Zamani kazi hii ilikuwa na mwenyewe. Katika Uswahili wa Pwani, msichana akivunja ungo hakufundishwa na mama yake. Alikabidhiwa kwa kungwi au somo wake, mwanamke aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, ambaye angeweza kutamka waziwazi yale ambayo mama angeona haya kuyagusia. Kwa Wajaluo wasichana walilala katika nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim, na usiku ndio ulikuwa darasa. Wabukusu hadi leo hutahiri Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana hupokea maonyo yake kwa wazee huku umati ukisikiliza. Sitaki kuzipamba mila hizi. Mengi waliyofundishwa wasichana yalikuwa utii mtupu, na katika baadhi ya jamii mafunzo yaliandamana na kisu, ambacho sheria ya mwaka wa 2011 imekipiga marufuku, na vyema. Ila tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Mzazi alitunza na kuadhibu. Kusema ilikuwa kazi ya mtu mwingine, aliyetengewa wakati wa kusema.

Shule ya bweni ilipochukua watoto miezi tisa ya mwaka, ilichukua pia kazi ya kungwi na ya pim bila kumteua mtu wa kuifanya. Matokeo yake tumeyaona katika habari za kutisha. Tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliokuwa wakigoma waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la wavulana la Kyanguli, Machakos, liliteketezwa kwa petroli na wanafunzi wenyewe. Watoto 67 wakafa, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Kila mara mjadala wa kwanza ulikuwa nidhamu na usalama: kufuli, vyuma vya madirisha, walinzi, mabweni ya mchanganyiko. Ni haki yake, kwa sababu mtoto lazima apate pa kutokea. Lakini wavulana wa St. Kizito walikuwa na fikra fulani kuhusu wasichana kabla ya usiku ule, na fikra hiyo ilikuwa imekaa nao darasani miaka mingi bila mtu kuigusa.

Mwaka huo huo wa Kyanguli, kiboko kilipigwa marufuku shuleni kisheria. Jopo lililoongozwa na Naomi Wangai, lililochunguza utovu wa nidhamu na fujo za wanafunzi, likapendekeza ushauri nasaha uimarishwe. Wazo zuri. Utekelezaji wake ulikuwa hivi: akatafutwa mwalimu mpole, aghalabu mwanamke, akapewa ofisi iliyokuwa stoo ya vifaa vya michezo na cheo cha mkuu wa ushauri nasaha. Vipindi vyake vya kawaida vikabaki vilevile. Kwenye shule nyingi mwalimu huyo pia anakaa katika kamati ya nidhamu. Sasa jiweke mahali pa kijana wa kidato cha pili. Jumatatu anamweleza mwalimu kwamba amekuwa akivuta bangi na anataka kuacha. Alhamisi kamati inakaa kujadili bangi bwenini, na yule aliyemfungulia moyo yuko mezani na kalamu. Hata kama mwalimu hatasema neno, bweni zima litaamini kwamba amesema. Baada ya hapo ofisi ile hutembelewa na wanaoumwa na kichwa tu.

Kuna jaribio moja lililofanyika magharibi mwa Kenya ambalo kila waziri wa elimu angepaswa kuwa nalo mfukoni. Mwaka wa 2004 mtafiti wa uchumi, Pascaline Dupas, alifanya kazi katika shule za msingi 328. Katika sehemu ya shule hizo, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa taifa kuhusu Ukimwi, ambao ujumbe wake ulikuwa kujiepusha na ngono hadi ndoa. Katika shule 71, zilizochaguliwa pia kwa bahati nasibu, alipelekwa mtu wa nje. Alikaa na darasa la nane kwa dakika 40, kipindi kimoja tu, mara moja. Alionyesha filamu fupi juu ya msichana na mwanamume mwenye umri mkubwa, wakaijadili. Kisha akaandika ubaoni takwimu za Kisumu zilizoonyesha maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa umri na jinsia. Wavulana wa miaka 15 hadi 19: asilimia 4. Wanaume wa miaka 25 hadi 29: zaidi ya robo.

Hakuwaambia waache wala wafanye. Aliwaonyesha kwamba yule mwenye kazi, mwenye simu, mwenye kununua chipsi na sodo, yule ambaye siku hizi wasichana wanamwita sponsa, ndiye mwenye hatari kubwa zaidi kuliko kivulana cha darasani kisicho na shilingi. Kwa watu wazima hili lilikuwa linajulikana. Kwa msichana wa miaka 15 lilikuwa habari mpya, tena iliyo kinyume na alivyodhani, maana mtu mzima mwenye heshima zake anaonekana salama.

Katika mwaka uliofuata, uzazi miongoni mwa wasichana wa shule hizo 71 ulipungua kwa asilimia 28 ukilinganisha na shule ambazo hazikutembelewa. Mimba zilizotokana na wanaume wenye umri mkubwa zilipungua kwa zaidi ya nusu. Na zile shule ambazo walimu wao walipewa mafunzo ya mtaala wa taifa? Mimba hazikupungua.

Nimelisoma jaribio hili mara nyingi, na kinachonigusa ni ule udogo wake. Walichohitaji ni filamu moja, jedwali la mistari michache, na mtu ambaye hakuwa na kiboko wala alama za mwisho wa muhula, na ambaye angeondoka jioni ile bila kumwambia mzazi nani aliuliza nini. Pim angeuelewa utaratibu huo mara moja.

Basi kwa nini haukusambazwa nchi nzima? Sehemu ya jibu ni kwamba ubao ule ulisema jambo ambalo wakubwa hawataki lisemwe mbele ya watoto, yaani kwamba baadhi ya watoto tayari wanafanya. Nchi hii imeshuhudia Kardinali Maurice Otunga akichoma kondomu na vijitabu vya Ukimwi hadharani katika Uhuru Park, miaka michache kabla ya Rais Moi kutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka wa 1999. Viongozi wa Kiislamu walikuwa upande wake. Hofu yao haikuwa ya unafiki. Waliamini kwamba kulitaja jambo ni kulialika. Takwimu za Kisumu hazikumwalika mtu, lakini takwimu hazina mimbari ya Jumapili.

Wakati huohuo mambo yanaendelea. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 uliona kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, kutoka 18 mwaka wa 2014. Samburu ilikuwa asilimia 50. Nyeri, 5. Tofauti kubwa kiasi hicho ndani ya nchi yenye mtaala mmoja inamaanisha kwamba somo moja la maneno yaleyale kwa kila kaunti litakosea mahali pengi. Msichana wa Samburu anaozwa. Wa Nyeri hana habari hizo kabisa, shida yake iko kwingine, pengine kwenye simu.

Nije kwenye simu, kwa sababu hapa pesa na mahusiano na afya ya akili vyote vimekutana, na hapa ndipo sijaona mtu yeyote wa dini akipinga watoto wafundishwe. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007. Wanafunzi wa upili wa leo hawajui Kenya isiyokuwa nayo. M-Shwari ikafuata mwaka wa 2012, na mkopo ukawa jambo la kubonyeza vitufe. Mwaka wa 2019 ikaja Fuliza, ambapo hata kununua maziwa ukiwa umepungukiwa unaingia deni papo hapo. Mtoto wa miaka 16 hana kitambulisho, kwa hiyo hawezi kusajili laini peke yake. Anatumia ya mama. Nambari ya siri anaijua, maana ndiye anayemsomea mama jumbe.

Mwalimu mmoja wa biashara alinionyesha sanduku la maswali la shule yake: sanduku la mbao lenye kufuli ndogo, limetundikwa nje ya maktaba mahali ambapo dirisha la ofisi halioni. Wanafunzi hutia vikaratasi visivyo na majina. Mengi ni ya mapenzi, kama unavyotarajia. Lakini alinitolea kimoja kilichoandikwa kwa penseli: mtu akikopa kwa simu ya mama bila mama kujua, deni ni la nani?

Swali hilo lina sheria ndani yake, lina hesabu, lina hofu ya kupigwa, na huenda lina kamari pia. Michezo ya kubahatisha kwenye simu imewekewa umri wa chini wa miaka 18, lakini simu haimwoni anayeishika. Inaona jina la mama. Mwaka wa 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, ishara kwamba hata wakubwa wameogopa. Mwalimu yule alilileta swali darasani bila kutafuta aliyeliandika. Akaanza na hesabu. Chukua shilingi 1,000 kwa ada ya asilimia 7.5, ile ambayo M-Shwari ilianza nayo, ulipe baada ya siku 30. Unarudisha 1,075. Je, ukikopa tena kulipia la kwanza, na tena, mwaka mzima? Darasa likajibu kwa pamoja kwamba riba ni 7.5. Akawaacha wajumlishe wenyewe: shilingi 75 mara 12. Mia tisa, kwa elfu moja ambayo haijapungua hata senti. Hapo, alisema, darasa lilinyamaza, kisha msichana wa nyuma akauliza kama mama anaweza kunyimwa mkopo wa benki kwa sababu ya deni ambalo hakulichukua yeye. Anaweza. Jina linalopelekwa kwenye taasisi za kumbukumbu za wakopaji ni la mwenye laini.

Mada ya riba walikuwa wameshaisoma kwa hisabati muhula uliotangulia, na walikuwa wameifaulu.

Mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya 7 mwaka wa 2023, ulionekana kama umesikia kilio hiki. Katika masomo ya lazima mlikuwa na Stadi za Maisha, Elimu ya Afya na Masomo ya Biashara, kila moja likisimama peke yake. Hali hiyo haikudumu. Wazazi walilalamikia gharama ya vitabu, walimu wakalalamikia uhaba wao, mtoto akaonekana akibeba begi zito kuliko yeye. Mwaka wa 2024 masomo yalipunguzwa hadi tisa: Stadi za Maisha zikaunganishwa na Masomo ya Jamii, Elimu ya Afya ikaunganishwa na Sayansi Jumuishi, Biashara ikaingizwa kwenye masomo ya awali ya ufundi. Sababu zilikuwa za kweli. Shule ambayo ina mwalimu mmoja wa sekondari ya msingi haiwezi kufundisha masomo 14. Lakini angalia ni yapi yaliyounganishwa na yapi yaliyobaki na majina yake. Hakuna aliyependekeza kuunganisha hisabati na kitu kingine.

Gredi ya 10 imeanza Januari 2026 na somo la lazima la Huduma kwa Jamii, ambalo linatarajiwa kugusa uraia, stadi za maisha, elimu ya fedha na ujasiriamali. Halijapata mila ya kufundishwa bado, na kwa hiyo linaweza kuokolewa au kupotezwa kwa maamuzi madogo yanayofanywa na naibu wa mwalimu mkuu anapochora ratiba. Akiliweka Ijumaa kipindi cha mwisho, limekwisha. Akimpa mkuu wa nidhamu, limekwisha vibaya zaidi. Akimpa mwalimu ambaye watoto huzungumza naye bila kuogopa, akamwondoa kwenye kamati ya nidhamu, na akamruhusu kumwalika muuguzi wa zahanati ya karibu mara moja kwa muhula na meneja wa sako mara nyingine, gharama yake kwa shule ni nauli na chai. Mzazi naye asiulize kama somo linafundishwa, maana jibu litakuwa ndiyo. Aombe daftari. Kama kurasa za Huduma kwa Jamii zina kanuni za logariti, amwone mwalimu mkuu kabla ya mkutano wa wazazi, si wakati wa mkutano, kwa sababu hapo wazazi wengine watamshangilia mwalimu wa hisabati.